Klabu Iliyokuwa Kliniki

Mtu akiniuliza klabu ya makuchu iko wapi Homa Bay, kwanza namuuliza leo ni siku gani. Hudhani namtania. Klabu yetu haina mlango, haina bango, haina mabaunsa wala tiketi. Ina siku tu. Kuna miaka ilikuwa usiku wowote ambao mtu fulani kijijini alikuwa amefiwa. Kuna miaka ilikuwa Ijumaa mchana, saa nane hadi saa kumi na moja, na chai ya maziwa. Siku hizi ni Jumamosi moja kwa mwezi. Ni Jumamosi ipi, hilo utaambiwa na mtu anayekujua.

Nilizaliwa Homa Bay, nafanya kazi Migori. Mimi ni fundi simu. Kila baada ya wiki mbili napanda matatu kurudi nyumbani: Awendo na miwa yake, Rongo ambapo unabadilisha gari, Rodi Kopany, halafu barabara inateremka mpaka ziwa linajitokeza. Wasee wangu wote wako kwenye njia hiyo. Mmoja anauza mitumba Awendo, mwingine ni kinyozi Rongo, mwingine anakaanga samaki kibandani karibu na bichi. Tunaitana makuchu, neno lililotufikia kutoka Kampala, kwa sababu lile lililokuwepo liliharibika zamani. Pwani, mwanamke humwita rafiki yake wa chanda na pete "shoga", na hakuna anayeshtuka. Huku bara neno hilohilo hurushwa kama jiwe.

Wewe unayesoma hii ukiwa Nairobi pengine una mahali. Si lazima pawe pa makuchu. Inatosha pawe pakubwa, pawe na giza, na pasiwe na mtu aliyesoma na dada yako. Sisi hatuna mahali pa namna hiyo. Ingia baa yoyote Migori siku ya Ijumaa, katikati ya wachimba dhahabu kutoka Macalder na madereva wa malori wanaongoja kuvuka Isebania, na hutakosa binamu. Kwa hivyo hatujawahi kubishana klabu gani ina muziki mzuri. Tumekuwa tukijiuliza jambo moja tu: mtu kama mimi anaweza kucheza wapi bila kujichunga?

Jibu la kwanza tulipewa na wafu.

Kama hukukulia Nyanza, disco matanga nitakueleza hivi. Familia imefiwa. Inakodisha jenereta na spika, vijana wa vijiji vyote jirani wanakuja usiku, wanacheza uwanjani, na pesa zinachangwa kusaidia mazishi. Wakati wangu ilianza na benga, hasa za D.O. Misiani, yule mzaliwa wa Shirati ng'ambo ya mpaka aliyefariki mwaka 2006 na ambaye huku hajafa bado. Ikifuata ohangla, halafu Lingala, halafu usiku ukiwa umekolea, chochote ambacho dijei alikuwa nacho kwenye flashi. Machifu wamepiga marufuku disko hizo mara nyingi, na sababu zao si za uongo. Wasichana wengi wameumizwa gizani huko. Siwezi kuzisifu bila kulisema hilo.

Lakini nilikuwa na miaka kumi na saba, nikiambiwa kila siku kwamba natembea kama msichana, na pale ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyehesabu nani anacheza na nani. Ohangla ni kiuno. Wazee hucheza na wazee, vijana na vijana, na mwanamume akizungusha kiuno mbele ya mwanamume mwenzake, watu hushangilia na kumwongezea noti. Kitu kilichonifanya nichekwe shuleni, pale kilinipa heshima. Mpenzi wangu wa kwanza nilimpata kwenye matanga ya mzee ambaye sikumjua. Mpaka leo sijui jina la marehemu. Nikipita boma lile huwa napunguza mwendo.

Hata hivyo, huwezi kujenga maisha yako juu ya misiba ya watu. Asubuhi jenereta inazimwa, na wewe unabaki na viatu vyenye vumbi na mtu ambaye huwezi kumsalimia sokoni.

Kuna waliojaribu kujenga nyumba kabisa. Mwaka 2010, Kasha Jacqueline Nabagesera alifungua baa iliyoitwa Sappho Islands huko Ntinda, Kampala, mahali ambapo makuchu wangeweza kukaa tu, waagize soda, wacheke kwa sauti. Haikudumu. Baadaye wengine wakapata jioni zao Ram Bar, katikati ya jiji hilohilo. Novemba 2019 polisi waliingia na kuwabeba watu zaidi ya 120 kwa usiku mmoja. 67 wakafikishwa kortini kwa kosa la kuwa kero kwa umma. Kisha ikaja sheria ya 2023, ambayo haikutosheka na watu wenyewe. Ilimfuata mpaka mwenye nyumba anayejua nyumba yake inatumiwa na makuchu. Aprili 2024 Mahakama ya Kikatiba ilikifuta kifungu hicho na kuacha sehemu kubwa ya sheria ikiwa palepale. Mimi nakikumbuka kifungu kile kwa sababu aliyekiandika alijua anachofanya. Watu hutawanyika na wakarudi. Nyumba ikishafungwa, hairudi.

Kwetu Kenya sheria ni ya tangu wakoloni: kifungu cha 162, hadi miaka 14 jela; kifungu cha 165, hadi miaka mitano. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba tume ya kutetea haki za mashoga na wasagaji, NGLHRC, ina haki ya kusajiliwa kama shirika lingine lolote. Nilidhani nitafurahi wiki nzima. Lakini aliyesimama mbele kabisa kuupinga uamuzi huo alikuwa mbunge wa kwetu, Peter Kaluma wa Homa Bay Mjini. Aliandaa Mswada wa Ulinzi wa Familia, akaenda pia kuiomba Mahakama ya Juu ibadilishe uamuzi wake. Septemba mwaka huo mahakama ilimkatalia.

Siku habari hizo zilipokuwa kwenye kila redio, mama mboga wangu alitikisa kichwa na kusema, "Wangewatoa tu wote waende." Halafu akaniongezea nyanya mbili juu ya zile nilizolipia. "Za mteja wangu," akasema. "Wewe hunisumbui." Nilizipika nyanya zile. Zilikuwa tamu. Ndivyo tunavyoishi, na nadhani mtu wa jijini hawezi kuelewa kirahisi: anayekuombea uondoke ndiye huyohuyo anayejua unapenda nyanya ngumu.

Sasa nifike kwenye Ijumaa mchana.

Utafiti wa kitaifa wa 2018, ule wa KENPHIA, ulionyesha kwamba katika kaunti ya Homa Bay karibu mtu mzima mmoja kati ya watano anaishi na virusi vya Ukimwi, asilimia 19.6, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 4.9. Kwa miaka mingi pesa za kupambana na hilo zilitoka kwa wingi Marekani, kupitia mpango wa PEPFAR ulioanza 2003. Na wenye miradi waligundua kitu ambacho sisi tulikijua: mwanamume kama mimi hakai kwenye benchi la hospitali, foleni ikitazamana na lango, akisubiri kuitwa jina lake lote. Kwa hivyo wakakodisha nyumba za kawaida mtaani. Kwa Kiingereza kituo cha namna hiyo kina kifupi chake, na sisi tulikitamka Daisi.

Daisi yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, geti la mabati, bila bango. Chumba cha kwanza alikaa sista na vipimo vyake, maboksi ya kondomu, vidonge vya prepu kwa wasio na virusi na ARV kwa walio navyo. Cha pili cha ushauri. Cha tatu, sebule: televisheni, meza ya pool yenye mguu mmoja uliowekewa tofali, na spika moja. Hukuandika jina, uliandika namba. Nyuma ya mlango kulikuwa na msumari, na kwenye msumari wigi jeusi lililokatwa begani. Sikuwahi kujua lilikuwa la nani. Aliyelitaka alilivaa, akimaliza alilirudisha msumarini, akatoka getini akiwa kijana wa boda kama alivyoingia.

Kwenye makaratasi, Ijumaa ilikuwa siku ya kikundi cha kusaidiana. Tulikaa duara, mwelimishaji rika akatukumbusha kumeza dawa kwa wakati, tukauliza maswali ambayo hatungeyauliza popote. Ikifika saa tisa, mtu alichomeka simu kwenye spika. Sista alichungulia mlangoni na miwani yake puani.

"Nusu saa tu, watoto wangu. Nina ripoti."

"Nusu saa, sista."

Nusu saa ile iliisha saa kumi na moja. Yule kinyozi wa Rongo alikuwa anaanguka chini kwenye ohangla kama mtu aliyepigwa umeme, halafu anainuka polepole, mgongo kwanza. Kulikuwa na mwalimu, mume wa mtu, ambaye hakucheza hata siku moja. Alikaa pembeni akipiga makofi, na akisema yeye amekuja kuhesabu midundo. Kulikuwa na wasichana wawili wa Kendu Bay waliocheza wakiwa wameshikana vidole vidogo tu. Sijawahi kuona klabu yenye mwanga mwingi namna ile. Kila mtu alionekana uso. Na mwezi wa tatu mfululizo usipoonekana, ulipigiwa simu, kwa kuwa kulikuwa na daftari.

Ndiyo maana nilipotazama filamu kuhusu klabu ya Jewel sikuona jambo la mbali. Tuna akaunti moja ya Netflix, watu sita tunachanga. Usiku mmoja Migori, nikisubiri simu ya mteja ijae chaji nione kama imepona, nikaibofya.

Jewel Thais-Williams alikuwa mwanamke Mweusi, mzaliwa wa Indiana mwaka 1939. Alikuwa na duka la nguo, biashara ikayumba, akatafuta kazi ambayo haitakufa uchumi ukiwa mbaya. Mwaka 1973 akachukua baa kwenye barabara ya Pico, Los Angeles, bila kuwa amewahi kuendesha baa. Miaka hiyo klabu za mashoga zilizojulikana zilikuwa West Hollywood, na mtu Mweusi akifika mlangoni alidaiwa vitambulisho viwili, vitatu, mpaka achoke arudi nyumbani. Jewel akafungua mlango wake kwa waliokuwa wamechoka. Klabu ikaitwa Catch One. Wakaja wanaume, wanawake, waliovaa magauni ya sherehe na waliotoka moja kwa moja kazini. Sylvester na Chaka Khan walipita hapo. Mwaka 2000 Madonna alifanyia hapo sherehe ya albamu yake. Polisi nao walipita mara nyingi, na hawakuja kucheza. Mwaka 1985 moto uliteketeza sehemu ya klabu, moto ambao mwenyewe aliamini uliwashwa makusudi. Akajenga upya.

Hayo yote ni historia ya klabu yoyote iliyodumu. Kilichonifanya nisimamishe filamu na kurudisha nyuma ni sehemu ya Ukimwi. Miaka ya themanini wateja wake walianza kupotea, mmoja mmoja. Watu waliojaza sakafu Jumamosi, Jumatatu wako hospitalini na ndugu zao hawaji. Jewel alisaidia kuanzisha mradi wa Ukimwi kwa watu wasio Wazungu, Minority AIDS Project. Mwaka 1989 yeye na mpenzi wake, Rue, wakafungua nyumba ya wanawake wenye virusi na watoto wao. Akiwa mtu mzima wa karibu miaka sitini akarudi shuleni kusomea tiba za Kichina, na mwaka 2001 akafungua kliniki jirani na klabu, ambapo mtu asiye na pesa angeweza kutibiwa. Usiku alikuwa anawachezesha, mchana anawatibu. Klabu iliendelea hadi 2015. Miaka 42.

Nikahesabu umri wa Daisi. Kwake, dansi ilizaa dawa. Kwetu, dawa ilizaa dansi. Nilidhani ni kitu kilekile kimegeuzwa tu. Lakini mwenye klabu ya Pico alikuwa Jewel, na mwenye sebule yetu alikuwa mfadhili aliye mbali, ambaye hakujua kama kuna wigi.

Mwisho wa Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi ikaagizwa kuacha kazi mara moja. Nilifika Ijumaa saa nane kama kawaida. Geti lilikuwa na kufuli na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: tumefunga hadi taarifa nyingine. Soja alikuwa bado yupo, hakuna aliyekuwa amemwambia aende nyumbani. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Hii iliachwa," akasema. "Nimeona nisiitupe."

Lilikuwa lile wigi. Mzee yule, niliyemsalimia miaka minne bila kujua anatuonaje, alikuwa amelichana.

Tuliambiwa twende hospitali ya kawaida, na dawa zingepatikana huko. Wengine wamekwenda na wamehudumiwa vizuri. Kijana wa samaki hakwenda, kwa kuwa shangazi yake anafagia korido ileile ya kuchukulia dawa. Akaacha prepu. Mwalimu alikosa ARV zake wiki saba. Alisema yuko bize na mitihani. Nilipomwona Rongo mwezi wa nne, shati lilikuwa linamning'inia kama lililoanikwa. Mimi na kinyozi tulimpeleka Kisumu, mahali ambapo hakuna anayemjua, tukakaa naye kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa. Amerudi kwenye dawa. Shati linaanza kumjaa. Lakini tulimpata kwa bahati, mimi nikibadilisha gari. Daftari lilikuwa halipo tena.

Julai mwaka huo nikasoma kwamba Jewel amefariki, akiwa na miaka 86. Nilituma habari hiyo kwenye grupu letu. Wengi hawakumjua. Kinyozi akajibu: "Huyo mama alikuwa na nyumba yake mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akaandika: "Sasa sisi?"

Jibu lilikuwa chama. Kila Mkenya anajua chama. Hata mwenye nyumba mkali hamuulizi mpangaji kwa nini ameleta watu kumi na wawili kejani kwake na viti vya plastiki. Tuko kumi na wawili, shilingi mia tatu kila mtu kwa mwezi. Mwezi huu Awendo, ujao Rongo, unaofuata Homa Bay. Mapazia yanafungwa. Muziki usikike mpaka mlangoni, usifike getini. Hakuna anayeondoka kabla ya kucha, na wakiondoka ni wawili wawili. Wigi linasafiri kwenye mkoba wa mwenye zamu.

Kabla ya muziki kuna kazi. Mweka hazina, ambaye ni mmoja wa wale wasichana wa Kendu Bay, anafungua daftari jipya na kusoma namba. Ukiitwa, unasema una dawa za siku ngapi. Asiyekuwepo anapigiwa hapohapo, simu ikiwa kwenye spika, wote tukisikia. Mwenye dawa chini ya siku kumi anapewa nauli ya Kisumu. Hatuna sista, hatuna vipimo, na siwezi kukudanganya kwamba chama cha mia tatu kinaweza kujaza pengo la kituo kizima. Kuna watu kwenye njia ile ambao Daisi ilikuwa nao na sisi hatuna hata namba zao. Lakini hii nyumba, popote ilipo mwezi huu, haifungwi na barua kutoka nje.

Mwezi uliopita ulizuka mjadala. Tulikuwa na elfu sita na kitu. Kinyozi alitaka tununue spika mpya, kwa kuwa hii ya sasa ikifika besi inakohoa. Mweka hazina alitaka pesa zikae kama akiba ya nauli hadi Desemba. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwalimu, ambaye shati lake sasa linakaribia kumtosha, akasema tupige kura, na yeye atahesabu kwa kuwa ndiyo kazi yake. Nauli ilishinda, saba kwa tano. Wale watano walilalamika usiku kucha kuhusu besi. Walilalamika wakicheza.